Dhamana ya Serikali na Nyumba za Kutunzia Wazee Katika Marekani

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa robo mwaka)



Kamati ya Chama imetutaka tuseme mbele yenu habari ya mikopo ambayo Serikali ya Marekani huidhamini kwa ajili ya wenye biashara ndogo, na hasa wale watakao kufungua nyumba za kutunzia wazee. Huenda mtu akauliza, Habari ya Marekani yatuhusu nini sisi makarani, waalimu na waganga wasaidizi wa huku? Jibu lake limo mifukoni mwetu. Si wachache humu ndani walio na mdogo wao, au mtoto wa shangazi, au shemeji, aendaye kazini kila usiku katika nyumba ya wazee huko Seattle, au Minneapolis, au Boston, akiwaosha wazee wasio wake, akiwageuza vitandani, akiwapa dawa kwa saa zake. Baada ya miaka kadha wa kadha mtu huyo huona kwamba kazi aijua kuliko mwenye nyumba, akaanza kusema moyoni, Kwa nini nisiwe na nyumba yangu mwenyewe? Ndipo ujumbe hufika huku: Kaka, serikali yaudhamini mkopo, imebaki sehemu yangu kidogo tu, nisaidieni. Na kaka, ambaye mshahara wake twaujua sote kwa daraja lake, huanza kuwaza juu ya shamba, au juu ya akiba yake katika chama cha kuweka na kukopa.

Hatukuja kuwakataza kusaidia. Undugu si neno la kupigiwa kura mkutanoni. Tumekuja kueleza jambo moja, ambalo kila mwenye kuombwa yampasa alijue kabla ya kutia mkono mfukoni, nalo ni hili: dhamana ile ya serikali humlinda mkopeshaji; haimlindi mkopaji, wala haimlindi kaka yake aliyemsaidia. Neno "dhamana" lina sauti tamu, na wengi walisikiapo hudhani kwamba serikali imesimama nyuma ya ndugu yao. Sivyo. Imesimama nyuma ya benki.

Kwanza tuseme nyumba zenyewe zilitoka wapi, kwa maana asili yake yaeleza mengi. Zamani katika Marekani mzee maskini asiye na mtu alipelekwa katika nyumba ya maskini ya wilaya, mahali pa aibu na baridi. Mwaka 1935, wakati wa Rais Roosevelt, ilitungwa sheria kubwa ya kuwatunza wazee, nayo ikaweka fedha ya kuwasaidia wazee wasiojiweza. Lakini ndani yake lilitiwa sharti kwamba msaada ule usilipwe kwa mzee akaaye katika nyumba ya serikali. Nia ilikuwa njema, yaani nyumba za maskini zife. Basi zikaanza kufa. Ila wazee hawakufa pamoja nazo. Walitoka wakiwa na fedha kidogo mkononi, wakatafuta pa kulala, na wajane na wauguzi waliokuwa na vyumba vitupu wakawapokea kwa malipo. Mwaka 1950 sharti lile lililegezwa, lakini mti ulikuwa umekwisha kushika mizizi. Kwa hiyo biashara hii haikuzaliwa na matajiri. Ilizaliwa jikoni mwa watu wa kawaida, na hata sasa ziko nyumba nyingi za namna hiyo.

Leo ziko nyumba za namna tatu. Iko nyumba kubwa ya uuguzi, yenye wauguzi usiku na mchana, karibu kama hospitali. Iko nyumba ya msaada, ambayo mzee ana chumba chake, hupikiwa, hukumbushwa dawa, na husaidiwa kuoga na kuvaa. Na iko nyumba ndogo, katika mtaa wa kawaida, isiyotofautiana na nyumba ya jirani ila kwa njia ya kupandishia kiti cha magurudumu. Katika jimbo la Washington nyumba ndogo hupewa leseni ya wazee wasiozidi 6, na kwa ruhusa ya pekee hufika 8. Katika California nyumba ya wazee 6 au chini yake huhesabiwa na sheria kuwa sawa na nyumba ya jamaa, hata mji hauwezi kuikataza kwa kanuni za mitaa ya makazi. Nyumba hii ndogo ndiyo ambayo ndugu zetu huililia, kwa maana yaelekea kuwa ndani ya uwezo wao.

Ni nani alipaye? Hapa watu wengi hukosea, hata Wamarekani wenyewe. Tarehe 30 Julai 1965 Rais Johnson alitia sahihi sheria iliyoleta Medicare kwa wazee na Medicaid kwa maskini. Mtu husikia hayo akadhani kila mzee analipiwa. Lakini Medicare hailipi makazi ya siku zote ya mzee aliyedhoofika tu. Hulipa uuguzi wa muda baada ya hospitali, usiozidi siku 100, nao kwa masharti. Medicaid hulipa nyumba za uuguzi kwa maskini. Katika nyumba za msaada hailipi kodi ya chumba wala chakula, ila majimbo mengi hulipa kazi ya kumhudumia mzee, kila jimbo kwa kadiri yake. Basi katika nyumba za msaada wazee wengi hulipa kwa fedha yao, na mara nyingi ni fedha iliyopatikana kwa kuuza nyumba waliyokaa tangu ujana. Ikiisha, huhama. Mwenye kufungua nyumba asiyejua hesabu hii hufungua mlango asijue ni nani atakayeingia.

Sasa tuje kwenye mkopo. Idara ya Serikali ya Biashara Ndogo, ambayo Wamarekani huiita kwa herufi tatu, S.B.A., iliundwa kwa sheria iliyotiwa sahihi na Rais Eisenhower tarehe 30 Julai 1953. Kazi yake ni kumtia moyo mwenye benki. Benki humwona mtu mwenye kazi njema na akili, lakini asiye na mali ya kutosha kuwa rehani, ikaogopa. Idara husema, Mkopeshe. Akishindwa tutachukua nawe hasara, na sehemu kubwa itakuwa yetu. Huku kwetu Tanzania, tangu 2018, sheria yazitaka halmashauri za wilaya na miji zitenge 10 kwa mia ya mapato yao ya ndani, zivikopeshe vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu pasipo riba. Ijapokuwa mikopo ile ilisimamishwa mwaka 2023 na kurudishwa mwaka 2024, kila mmoja wetu aijua: ni fedha ya halmashauri yenyewe. Idara ya Marekani katika mikopo hii haitoi fedha, hutoa neno. Fedha ni ya benki, na riba ni ya benki.

Mkopo wenye kutumika sana huitwa kwa kifungu chake cha sheria, 7(a). Haupiti dola 5,000,000. Ukiwa dola 150,000 au chini yake, idara hudhamini 85 kwa mia. Ukizidi hapo, 75 kwa mia. Kwa kununua ardhi na majengo muda wake hufika miaka 25. Na kwa kawaida mkopaji hutozwa ada ya dhamana ile ile isiyomlinda, ambayo katika mikopo mikubwa hupita 3 kwa mia ya sehemu iliyodhaminiwa.

Tupige hesabu, kwa kuwa sisi ni watu wa hesabu. Tuseme ndugu yetu amekopa dola 800,000, akanunua nyumba na kuitengeneza. Dhamana ya 75 kwa mia ni dola 600,000. Tuseme baadaye akashindwa, na nyumba ikanadiwa, na baada ya gharama zote zikapatikana dola 500,000. Hasara iliyobaki ni dola 300,000. Benki na idara hugawana hasara hiyo kwa kiasi cha dhamana: idara dola 225,000, benki dola 75,000. Je, ndugu yetu anadaiwa nini? Anadaiwa dola 300,000 zote. Hata senti moja haikupunguzwa kwa sababu ya dhamana. Kilichobadilika ni kwamba sehemu kubwa ya deni sasa ni ya serikali, nayo ni mdai asiyechoka. Kila mwenye sehemu ya 20 kwa mia au zaidi katika biashara hutakiwa kuweka sahihi yake binafsi, kwamba atalipa kwa mali yake mwenyewe kampuni ikishindwa. Hazina ya Marekani yaweza kuzuia fedha ya kodi ambayo mtu angerudishiwa. Na kwa sheria ya 1996 yaweza kukata hata 15 kwa mia ya malipo yake ya uzeeni, ila haigusi dola 9,000 za kwanza za mwaka. Angalieni jambo hilo: mtu aliyewatunza wazee maisha yake yote aweza kukatwa riziki ya uzee wake kwa deni la nyumba ya wazee.

Tumelisema hili si kwa kuulaumu mpango. Mpango una faida za kweli, na ingekuwa uongo kuzificha. Benki katika Marekani, ikopeshapo biashara pasipo dhamana, mara nyingi hutaka fedha yake irudi au mkataba uandikwe upya baada ya miaka 5 au 10. Mkopo wa miaka 25 hushusha malipo ya mwezi hata biashara ndogo ikapumua. Tena kanuni za idara zasema mkopo usikataliwe kwa sababu ya upungufu wa rehani peke yake, ikiwa mambo mengine ni mema. Kwa mhamiaji asiyerithi nyumba wala shamba katika nchi ile, huo ni mlango ambao pengine usingefunguka kabisa. (Lakini rehani iliyopo huchukuliwa. Mkopo ukiwa mkubwa na mali ya biashara haitoshi, hata nyumba akaayo na watoto wake yaweza kuwekwa.)

Mpango wa pili huitwa 504, nao ni wa ardhi, majengo na mitambo mikubwa. Benki hutoa 50 kwa mia, shirika la maendeleo lililoidhinishwa na idara hutoa 40 kwa mia kwa hati za mkopo zenye dhamana ya serikali, na mwenye biashara hutoa 10. Hiyo 10 ndiyo ambayo watu huitaja katika ujumbe wao wa kuomba. Lakini kanuni huongeza: biashara ikiwa mpya, hutoa 15, na jengo likiwa la kazi moja maalumu, lisiloweza kugeuzwa kwa urahisi kuwa kitu kingine, 15 vile vile, yakikutana yote mawili, 20. Nyumba za uuguzi na za msaada zimo katika orodha ya majengo ya namna hiyo. Basi anayeanza upya kwa jengo la dola 1,000,000 huenda akatakiwa kuwa na 200,000 mkononi, wala si 100,000. Mwenye kuombwa na aulize ni hesabu ipi.

Sisi wenyewe twaipenda 504 zaidi, kwa sababu sehemu ile ya shirika ina riba isiyobadilika tangu mwanzo hata mwisho. Katika 7(a) riba kwa kawaida hupanda na kushuka pamoja na riba ya msingi ya mabenki. Mwezi wa Machi 2022 riba ya msingi ilikuwa 3.25 kwa mia. Ilipofika Julai 2023 ilikuwa 8.5. Mtu aliyekubaliana kulipa 2.75 juu ya riba ya msingi alianza na 6 akajikuta na 11.25. Kwa dola 800,000 za miaka 25, malipo ya mwezi kwa 6 kwa mia ni karibu dola 5,150, kwa 11.25 ni karibu dola 7,990. Nyumba ni ile ile, wazee ni wale wale, na uji ni ule ule. Karani hupenda tarakimu ikaayo mahali pake.

Hapo twaingia katika jambo la vitanda. Tuchukue nyumba ya wazee 6, na tuseme kila mmoja hulipa dola 5,000 kwa mwezi. Vikijaa vyote, ni dola 30,000. Yapasa awepo mtunzaji usiku na mchana. Ni saa 720 kwa mwezi wa siku 30. Kwa dola 20 kwa saa, mshahara ni dola 14,400. Toa, na utoe malipo ya benki ya 7,990. Zabaki 7,610 za chakula, bima, umeme, kodi, na mwenyewe. Si utajiri, lakini yawezekana. Sasa tuseme wazee ni 3 tu, kwa sababu wawili wamefariki mwezi mmoja na mmoja amepelekwa hospitali asirudi. Mapato ni 15,000. Je, mshahara utakuwa nusu? Hapana, kwa maana wazee watatu hawawezi kuachwa peke yao usiku zaidi ya wazee sita. Mshahara ni 14,400 vile vile. Zimebaki dola 600, na benki yangojea 7,990. Hesabu hii ni ya mfano tu. Mwenye nyumba na mkewe hushika zamu wenyewe, nao hawajilipi. Ndivyo nyumba nyingi ndogo zinavyosalimika. Lakini yaonyesha hatari ilipo. Haipo katika kutojua kuosha mzee. Ipo katika kitanda kitupu.

Na mwanzoni vitanda vyote ni vitupu. Leseni hutolewa na jimbo baada ya ukaguzi wa jengo, wa mafunzo, na wa mwenendo wa mtu, huchukua muda. Leseni haifuati nyumba inunuliwapo: katika California na Washington, mnunuzi huomba yake. Wakati huo wote nyumba imekwisha kununuliwa. Kwa hiyo katika fedha ya kukopa yapasa itengwe fedha ya kulipa miezi ya kungojea, na anayesahau hilo ndiye atumaye ujumbe wa pili nyumbani, ambao huwa mzito kuliko wa kwanza.

Liko na jambo jingine ambalo huwaangusha watu mapema. Idara haidhamini mkopo wa mtu anayekaa tu akipokea kodi ya vyumba. Mwenye kununua nyumba ili awapangishe wazee vyumba, pasipo kuwahudumia, hukataliwa. Lazima iwe biashara ya utunzaji, yenye leseni ikiwa jimbo laitaka. Vile vile shirika lisilotafuta faida, kama la kanisa, haliingii katika 7(a). Nyumba kubwa za uuguzi zina njia yake katika idara nyingine, ile ya nyumba na miji, kwa kifungu cha 232 cha sheria ya nyumba kilichowekwa mwaka 1959. Ni mambo ya mamilioni, hatutakaa hapo.

Sasa tuje kwa kaka aliyeachwa na simu yake mkononi. Fedha yake ikivuka bahari huingia katika mkopo huo kwa jina moja kati ya matatu, nayo hayafanani hata kidogo. Twaomba msikilize sana hapa.

Jina la kwanza ni zawadi. Benki huruhusu mtaji utoke katika zawadi, lakini hutaka barua ya mtoaji isemayo kwamba hatarajii kulipwa, na karatasi za benki zionyeshazo fedha ilikotoka. Mara nyingi jamaa hufanya hivi: huandika zawadi kwa ajili ya benki, na kwa siri ya nyumbani hukubaliana kwamba ni mkopo. Jambo hili ni baya mara mbili. Kwanza, kaka ametia sahihi kwamba hadai. Siku wakigombana, barua yake mwenyewe itamshuhudia. Pili, kusema uongo kwa makusudi ili kupata mkopo wa namna hii ni kosa kubwa katika sheria ya Marekani, ambalo adhabu yake yaweza kufika miaka 30 ya kifungo na faini ya dola 1,000,000. Ndugu yetu huko huenda asiambiwe hayo na rafiki zake. Basi aambiwe nasi.

Jina la pili ni mkopo. Mtaji wa kukopa haukubaliwi kwa urahisi, kwa maana benki yataka mtu atie fedha yake, asitie deni juu ya deni. Benki ikiukubali mkopo wa jamaa, huweza kutaka uonyeshwe utalipwa kwa fedha isiyotoka katika biashara, kama mshahara wa mke; au huutaka ukae nyuma ya deni lake, kaka asilipwe mpaka benki iseme ndiyo. Kungoja huko kwaweza kuwa kwa miaka mingi. Kaka aliyekopa huku ili akopeshe kule, naye makato yake yaanza mwezi ujao, amejifunga kamba shingoni. Twajua sote sheria yetu kwamba theluthi moja ya mshahara isikatwe. Na twajua pia ni wangapi kati yetu waishio katika theluthi hiyo.

Jina la tatu ni hisa. Husikika vema: Kaka, utakuwa mwenye nyumba pamoja nami. Lakini kumbukeni 20 kwa mia na sahihi ya binafsi. Tena tangu mwaka 2025 idara imeubana mno mlango wa wenye hisa wasio raia na wale wakaao nje ya nchi, na kanuni hiyo imebadilishwa zaidi ya mara moja. Mtu akaaye Dar es Salaam au Nakuru, akitiwa katika hati za kampuni hata kwa sehemu ndogo, aweza kuwa ndiye sababu ya ndugu yake kukataliwa mkopo. Na ndugu mwenyewe, ikiwa bado hajapata uraia, na asome kanuni ya siku ile atakayoomba, asitegemee habari za mwenzake aliyekopa miaka mitatu nyuma.

Katika haya matatu sisi twaona zawadi ni bora, kwa sharti iwe zawadi kweli, yaani kiasi ambacho kaka aweza kukipoteza pasipo watoto wake kurudishwa shuleni kwa karo. Wengine katika Kamati hawakukubaliana nasi. Walisema ni afadhali mkopo ulioandikwa wazi na kuonyeshwa benki, ijapokuwa hukawia. Nao wana haki yao. Hakuna aliyeitetea hisa.

Bibi mmoja katika Kamati aliuliza swali ambalo hatukuweza kulijibu kwa tarakimu. Alisema, Huyo ndugu amwosha mama wa Mmarekani. Mama yake mwenyewe aoshwa na nani? Sera yetu ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliitaja jamaa kuwa ndiyo nguzo ya kwanza ya matunzo. Nasi twajua jinsi jamaa hiyo ilivyo sasa: mtoto yuko Boston, fedha yake yamlipa msichana akaaye na mama kijijini, na kaka mtumishi huenda mwisho wa mwezi kutazama kama dawa zipo. Nyumba ile ya vitanda sita ikianguka, fedha ya msichana yule hukatika pia. Kwa hiyo si deni la Marekani peke yake lililomo katika hati zile. Mama naye yumo, ijapokuwa hakutia kidole.

Basi mwenye kuombwa asione haya kuuliza. Na aombe aletewe nakala ya barua ya benki yenye masharti ya mkopo, ambayo mkopaji yeyote aliyefika mbali huwa nayo. Ikiwa haipo, fedha bado haihitajiwi. Atazame humo riba ni ya kudumu au ya kupanda na kushuka. Mtaji unaotakiwa ni 10, 15 au 20. Ni akina nani watakaotia sahihi ya binafsi. Na imetengwa fedha ya miezi mingapi kabla ya mzee wa kwanza kuingia. Aulize pia nani alipaye kwa wazee wa mtaa ule, wenyewe au Medicaid, na kwa bei gani. Ndugu aliyejiandaa atajibu yote kwa ukurasa mmoja, wala hatakasirika. Huenda akashukuru, kwa sababu benki itamwuliza maswali hayo hayo, nayo haina undugu naye.

Hesabu za mfano tulizozisoma, za dola 800,000 na za vitanda 6, zimepigwa chapa katika karatasi iliyofungwa nyuma ya toleo hili, pamoja na nafasi tupu za kuandika tarakimu za ndugu yako mwenyewe. Mwenye kutaka nakala zaidi na amwone Karani wa Chama siku za kazi baada ya saa tisa u nusu alasiri, aje na bahasha yake.